Watoto Ambao Karani Hakuwakuta

Kabla ya soko huria, takwimu za mkoa wetu zilikuwa zinakaa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwa mkuu wa ofisi. Aliyezitaka alikuja na barua yenye muhuri, akasubiri kwenye benchi, na mara nyingi akarudi kwao mikono mitupu. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia arudi kesho. Kisha mambo yakabadilika. Ukaja waraka kutoka Dar es Salaam ukisema takwimu ni mali ya wananchi, na kwamba yeyote atakayeingia mlangoni aitwe mtumiaji, akaribishwe, apewe kiti. Mkuu akaniwekea meza karibu na mlango, akaniambia, "Dada, wewe una uso wa kupokea wageni." Uso wangu haujawahi kupokea mtu, na alilijua hilo. Nadhani hakuwa na mwingine.

Watumiaji wakaja kweli. Mfanyabiashara mmoja wa Kichaga alitaka kujua ni kata zipi bado zina nyumba nyingi za nyasi, apeleke mabati. Wanafunzi wa Makumira walijaa wakati wa kuandika tasnifu, wakanakili majedwali kwa penseli mpaka vidole vikawauma, kwa sababu fotokopi ilikuwa ghali. Watu wa mashirika walishuka kwenye magari yenye antena ndefu, wakataka kila kitu na wakakitaka leo. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyoonyesha. Nilikulia kwenye kahawa na migomba upande wa Usa River, ambako ukiuliza swali unaulizwa kwanza wewe ni mtoto wa nani. Kumjibu mtu bila kumwuliza ukoo wake lilikuwa jambo jipya kwangu, na niliona ni la haki.

Basi akaja mama mmoja kutoka Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa mlima, kule kwenye upepo na vumbi. Umri wetu ulilingana, ila yeye alikuwa mjamzito na viatu vyake vilikuwa vimeisha. Alijitambulisha kuwa katibu wa akina mama wa usharika wao. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Dada, nimekuja kuona hesabu ya watoto wetu," alisema.

Alinieleza taratibu, kwa Kiswahili cha mtu anayefikiri kwa Kimaa. Kulikuwa na shirika lenye gari la kliniki lililozunguka vijijini kupima watoto, kuwachanja na kuwapa dawa za malaria. Shirika lilichagua vijiji kwa kuangalia takwimu rasmi za watoto wadogo. Kijiji chao kiliachwa, wakaambiwa watoto wao ni wachache mno kwa gari kupanda hadi kule.

"Wachache?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Kwetu ukiita mkutano husikii unachosema kwa vilio vya watoto. Nataka nione kwa macho yangu nani ameandika uongo huu. Huyu aliye tumboni sitaki nimkimbize barabarani."

Sikuelewa maneno yake ya mwisho, wala sikuuliza. Takwimu za umri kwa kijiji kimoja kimoja hazikuwa zimechapishwa, ikabidi tuziombe makao makuu, kama shirika lilivyofanya. Yule mama akawa anapita ofisini kila alipoteremka sokoni, anaulizia, anaondoka. Siku faksi ilipoingia nilimwekea karatasi mezani na kuweka rula chini ya mstari wa kijiji chao, kama nilivyozoea kuwafanyia watumiaji ili jicho lisipotee. Idadi ya watoto wadogo ilikuwa ndogo kweli. Ungedhani ni kijiji cha wastaafu.

"Nani aliwaambia hivi?"

"Ninyi wenyewe, mama," nilimjibu, na najua nilijibu kwa ukali. "Karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba. Aliuliza, akajibiwa."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Badala yake alikitafuta kile kiti alichokikataa siku ya kwanza, akaketi. Akasema siku ile ya sensa alikuwa ameenda kuchota maji. Aliyemjibu karani ni mama mkwe wake.

Hapo nikaelewa, maana na mimi ni mtu wa mlima huuhuu, hata kama ni upande mwingine. Kwao watu hawahesabiwi, wala ng'ombe. Mtu anawajua ng'ombe wake kwa rangi na pembe, na wanawe kwa majina, na hilo linatosha. Kutaja idadi yao ni kuita balaa, na anayeogopewa zaidi ni mtoto mchanga. Karani, kijana wa mjini na shati lake la kuchomekea, aliuliza mko wangapi hapa. Bibi akamtajia watu wazima na wale wanaochunga. Wa kubebwa mgongoni akawanyamazia. Hakuona kuwa anadanganya. Alikuwa anawakinga wajukuu wake. Na boma la jirani lilifanya vivyo hivyo, na la pili yake, mpaka mwisho wa kijiji.

"Mwanangu alikuwa ndani, amelala," yule mama alisema. "Hakuandikwa. Mvua zilizofuata akashikwa na homa. Nikambeba mpaka barabara ya Namanga kutafuta gari la kunifikisha mjini. Hatukufika."

Akaweka kidole juu ya rula yangu.

"Kwenye karatasi hii hajazaliwa. Na mimi nimemzika."

Nilishindwa kumtazama. Nyumbani kwangu Olasiti nilikuwa na mtoto mdogo kama huyo, na kliniki yake ilikuwa karibu hata naiendea na kandambili. Nikasimama bila kuaga, nikaenda chumba cha mkuu, nikaingia bila kubisha hodi. Nilimwambia namba za kijiji kile ni za uongo na zibadilishwe.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Tukibadilisha leo kwa machozi," alisema, "kesho wengine watatuletea bahasha, na tutabadilisha pia."

Nilikasirika sana, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Nikamwuliza sasa kuna maana gani kumwita yule mama mtumiaji, kama matumizi yenyewe ni kunyimwa gari. Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Hawa ndio waliotupa namba," akasema. "Tumewapa wauza mabati, tumewapa wanafunzi, tumewapa wazungu. Wao wenyewe hatujawarudishia hata siku moja. Nenda kawasomee. Na hao wa shirika waalike."

Aliruhusu jambo moja zaidi. Kila nakala ya jedwali lile itakayotoka ofisini kwetu tuiandikie chini kwa taipu kwamba huenda watoto wengi wadogo wa eneo hilo hawakutajwa, na sababu yake. Namba ikabaki vilevile.

Mkutano ulifanyika nje ya kanisa lao. Shirika lilimtuma muuguzi mmoja, kijana mpole kutoka mkoa wa mbali. Kabla ya kuanza nilipelekwa kwa mama mkwe, koko, kama wanavyomwita bibi kule. Nilimwinamishia kichwa kumwamkia, akanigusa utosini, wala hakuniuliza nimefuata nini.

Nilisoma kwa Kiswahili, na yule mama akawatafsiria kwa Kimaa. Nilianza na mabomba, nikaja kwenye mapaa, watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilipofika kwenye mstari wa watoto wadogo, mtoto mmoja akalia mbele yangu na mwingine akamjibu kutoka nyuma. Hakuna aliyecheka. Wazee walitazama chini.

Mzee mmoja alisimama akasema kwa heshima kwamba watoto hawahesabiwi. Muuguzi naye akasema kwa heshima hiyohiyo kwamba bila idadi gari haliwezi kuja. Wote wawili walikuwa wamemaliza. Nilishika karatasi yangu nikiona aibu, kwa sababu nilikuwa nimewapandishia mlimani kile kile kilichowanyima gari.

Ndipo yule mama akaacha kutafsiri. Aliongea kwa muda mrefu, mkono mmoja juu ya tumbo, na mimi niliokota neno hapa na pale. Baadaye niliambiwa alichosema. Alisema mwanawe hakuhesabiwa na mtu yeyote, na balaa ilipajua nyumbani kwake hivyo hivyo. Kisha akawaomba wasitaje idadi. Wataje majina tu, kila mama asimame ataje ya wanawe, kama wanavyoitwa jioni warudi nyumbani. Mgeni akitaka kujumlisha, atajumlisha huko kwenye gari lake, mbali na masikio yao.

Wazee walinong'onezana. Hakuna aliyesema ndiyo, lakini hakuna aliyekataza.

Akasimama mwanamke wa kwanza, akafuata mwingine. Majina yalikuja polepole, kisha yakaja kwa wingi hata muuguzi akaomba wamsubiri. Mwishoni akasimama koko. Aliwataja wajukuu wake, halafu akaongeza jina moja.

"Huyu naye ana umri gani?" muuguzi aliuliza, kalamu ikiwa juu. Hakuwa mtu wa pale, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Huyo usimwandike," yule mama alisema kwa sauti ndogo.

Koko alijifunika uso kwa shuka lake akaketi. Nililia mbele ya watu, mimi niliyewekwa mlangoni kwa ajili ya uso.

Gari la kliniki lilipanda mvua zilipokatika. Niliomba ruhusa nikaenda, ingawa halikuwa jukumu la ofisi yetu. Foleni ilikuwa ndefu kupita nilivyotarajia, na mbele kabisa alikuwa koko, amebeba mgongoni mjukuu aliyezaliwa baada ya mkutano ule. Mama wa mtoto alisimama nyuma yake. Muuguzi, mwingine safari hii, aliuliza bila kuinua kichwa swali analomwuliza kila mtu.

"Shikamoo bibi. Nyumbani kwako kuna watoto wadogo wangapi?"

Yule mama alifungua mdomo ili ataje majina. Koko akamshika mkono. Akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwa sauti iliyosikika na foleni nzima.

"Wawili," alisema. "Na mmoja aliyekuwa amelala, ambaye karani hakumkuta."