Saa Nne ya Bwana Mkubwa

Mwaka niliokuwa Sinia Fo, yaani kidato cha nne, shule yetu ya Tororo, Uganda, ilibomolewa tukiwa ndani yake. Sitanii. Uhuru ulikuwa bado mbichi, ikaamuliwa kwamba yale majengo makuukuu, yenye kuta zilizopasuka na popo waliojaa kwenye mapaa, yajengwe upya bila kufunga shule hata wiki moja. Tulisoma historia kanisani, jiografia kwenye bwalo la chakula huku misumeno ikikoroma dirishani, na hesabu popote palipobaki na ubao. Walimu walipaza sauti mpaka zikakauka. Saruji tuliila kwenye uji. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule hazikupata kulala.

Nilikuwa na haja moja tu: kemia. Chuo cha wauguzi kilikuwa kimetuambia wazi kwamba asiyefaulu kemia asijisumbue kuomba. Baba alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa mkulima wa kijijini kwetu Sop Sop, hakuwahi kukaa darasani, lakini neno kemia alilitamka kwa adabu kama mtu anayemtaja mkwewe. Alipomaliza mavuno alikuja kuomba kazi kwa mafundi wa shule, wakampa kazi ya kupanda juu kung'oa mabati, maana alikuwa mwepesi na popo hawakumtisha. Tukikutana uwanjani aliniita nyara, yaani binti yangu kwa lugha yetu, kisha aliuliza, "Kemia naendelea?"

"Inaendelea, baba," nilimjibu.

Mwalimu mkuu alikuwa Mzungu. Kiswahili chake alikiokota kwenye mashamba ya Kenya na alijivuna nacho, na nani angethubutu kumsahihisha? Siku moja kabla ya mtihani wetu wa vitendo wa kemia, aliwakusanya wafanyakazi mbele ya maabara. Maneno yake nilikuja kusimuliwa na baba: "Kesho nyinyi toa mabati ya hii nyumba saa nne. Mbele ya saa nne, hapana!" Nyapara wao, Msamia wa Busia ya Kenya, akaitikia, "Ndiyo, bwana mkubwa, saa nne."

Kwetu sisi, uwe Mteso, Msamia au Japadhola, saa nne ni saa ya chai ya asubuhi. Yule bwana alikuwa anasoma saa yake ya mkononi kama ilivyoandikwa. Alitaka kusema saa kumi, jioni, tukishamaliza na kuondoka. Alitafsiri namba tu.

Mtihani ulianza saa tatu. Nilikuwa nadondosha asidi kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, nikingoja rangi igeuke kwenye chupa iliyo chini yake, niliposikia misumari ikilia juu ya kichwa changu. Bati likainuka. Jua likaingia, na pamoja nalo kutu, mavi ya popo, na magamba ya chokaa yaliyobanduka ukutani. Chokaa ndiyo iliyonimaliza. Chokaa hula asidi, na ikishaingia chupani hesabu yako yote imeharibika. Wenzangu wa upande wa pili walikuwa salama. Meza yangu ndiyo iliyokuwa chini ya lile bati la kwanza.

Mwalimu aliyetusimamia alitoka mbio akipiga kelele. Nyapara naye hakukubali kuonewa. "Mwalimu, bwana mkubwa mwenyewe nasema saa nne. Sasa ni saa nne. Sisi nakosa wapi?"

Nikatazama juu. Aliyeshika bati alikuwa baba.

Aliniona, akaiona meza yangu, akaelewa. Sikuwahi kumwona baba akiogopa kabla ya hapo. Alilirudisha bati mahali pake, na kwa kuwa misumari ilikuwa imeshatoka na upepo ulikuwa unavuma, akalala juu yake kifudifudi, mikono ameitanua, kwenye jua lile, mpaka mtihani ukaisha. Kupitia matundu ya misumari niliona shati lake. Nilimwaga uchafu, nikaanza upya kwa dawa iliyobaki. Dawa iliisha kabla rangi haijageuka.

Mwalimu mkuu alipoelezwa, uso ulimwiva. Akasema atawaandikia wasahihishaji, halafu akageuka na kumwambia mwalimu wetu kwa Kiingereza, mbele yangu, kwamba watu hawa hawajui saa. Nilitaka kumrushia bureti. Hasira ile ninayo mpaka leo, na sioni sababu ya kuiacha. Kama barua aliiandika, haikufaa kitu.

Matokeo yalipokuja nilikuwa nimefaulu Kiingereza, historia, hata hesabu. Kemia nilianguka. Nilikwenda nyumbani kumwambia baba, nikamkuta akinoa jembe. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Ni lile bati?"

"Hapana, baba. Mtihani wenyewe ulikuwa mgumu."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunoa. Tangu siku ile hakulitaja tena neno kemia, wala hakupanda tena juu ya paa lolote. Hata la nyumba yetu lilipoanza kuvuja, mama ndiye aliyekwenda kumtafuta mtu wa kuliziba, na baba akakaa ndani akiyahamisha masufuria.