Droo Tatu za Dona Felismina

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Dona Felismina Quintela alichukua kadi kuukuu akaandika nyuma yake, kwa penseli, bei ya marki moja ya Kijerumani kwa fedha ya kwao: eskudo mia na mbili na nusu. Jana yake alikuwa ameandika mia na mbili na nusu. Juzi vilevile. Tangu Januari ya mwaka tisini na tisa, wakubwa wa nchi kumi na moja walipozifunga fedha zao pamoja kama kuni za tita moja, marki haikupanda wala kushuka hata kwa chembe. Gazeti lenyewe lilikuwa limeacha kuichapa. Yeye aliendelea kuiandika. Mkono ulikuwa umezoea.

"Dona Felismina," Graça alimtania kutoka meza ya pili, alikokuwa akibandika namba kwenye migongo ya vitabu, "hiyo marki imekuposa?"

"Acha utani wako."

"Maana mume wangu mwenyewe hatajwi nyumbani kila siku kiasi hicho!"

Kwa miaka ishirini na minne Dona Felismina ndiye aliyenunua vitabu vya kigeni katika maktaba ya chuo cha Vila Moreda. Alifanya kazi katika chumba cha chini, ukuta kwa ukuta na tanuri la kupashia jengo joto, na mali yake kubwa ilikuwa droo tatu za mbao. Ya kwanza Ujerumani, ya pili Ufaransa, ya tatu Italia na Uhispania. Ndani ya droo mlikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa kitabu ambacho mtu fulani amekiomba na bado hajakipata. Fedha ya nchi ikishuka, droo yake ilifunguliwa. Mwaka wa tisini na mbili, lira ilipoporomoka, aliagiza masanduku matano ya vitabu vya sanaa kabla ya chakula cha mchana, na kwa mwezi mzima walimu wa sanaa walimwamkia kwa kuvua kofia. Wakulima wa bondeni waliangalia mawingu. Yeye aliangalia ukurasa wa fedha.

Lakini kazi hiyo ilimpa pia kichaka cha kujifichia. Dona Felismina hakujua kumwambia mtu hapana. Tangu utotoni neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo mtu alipokuja kuulizia kitabu ambacho hakikuwa katika mipango yake, alimwambia kwa upole, "Marki iko juu. Tungoje kidogo." Mtu aliondoka akiilaumu Ujerumani.

Aliyengoja kuliko wote alikuwa Mwalimu Ludovina Sarmento. Huyu alikuwa amemfundisha Felismina baiolojia alipokuwa msichana wa soksi nyeupe, na sasa alikuwa na miaka sabini na minne, mstaafu, kioo cha kukuzia kikining'inia kifuani kwa uzi wa kiatu. Alikuwa akiandika kitabu kuhusu ukoga wa rangi unaoota juu ya mawe ya mlimani kwao. Ili aweze kuupa kila ukoga jina lake, alihitaji kazi moja ya Kijerumani, majuzuu manne yenye picha, ambayo hakuna maktaba ya karibu iliyokuwa nayo. Kadi yake iliingia droo ya kwanza mwaka wa tisini na tano. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alishuka ngazi taratibu akaketi kitako.

"Haya, Felismina mwanangu. Wajerumani wanasemaje?"

"Bado, Mwalimu. Iko juu."

"Basi tungoje. Mawe yangu hayana haraka." Kisha Oktoba ya mwaka wa elfu mbili na moja akaongeza, akikifuta kioo chake kwa ncha ya skafu, "Ila jicho la kushoto limekwisha. Hili la kulia, daktari amenipa miaka miwili."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua imeanza. Dona Felismina alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akarudi, akakaa mbele ya droo bila kuifungua.

Mwezi wa Novemba, Mkurugenzi wa maktaba, Bwana Teodósio Lage, aliteremka na waraka mkononi.

"Dona Felismina, Januari ijayo yuro inaingia, eskudo inazikwa. Sitaki tena droo za nchi. Kadi zote ziingie droo moja, bei zote kwa yuro, kitabu kinachohitajika zaidi kikae mbele."

"Zote, Bwana Mkurugenzi?"

"Zote. Na zimebaki yuro mia tisa na kidogo za kufungia mwaka. Nichagulie kitu kimoja kikubwa nitie sahihi." Alifika mlangoni akageuka. "Na uangalie Profesa Abrunhosa wa sheria asije kunivunjia mlango."

Siku nne alikaa na kikokotoo kidogo, kile ambacho benki iligawa bure, akigeuza bei kadi baada ya kadi huku Graça akimsomea. Mwanzoni ilikuwa kazi ya kuchosha tu. Siku ya tatu Graça akasoma, "Nyongeza za mwaka za sheria za Ufaransa, za Profesa Abrunhosa. Faranga elfu tano na mia tisa."

"Yuro mia nane tisini na tisa."

"Ukoga, majuzuu manne. Marki elfu moja mia sita na arobaini."

Dona Felismina alibonyeza, akatazama. Akafuta, akabonyeza upya.

"Vipi? Kimeharibika?"

"Mia nane thelathini na nane na nusu."

"Basi andika, tuendelee."

Hakuandika. Kichwani mwake, maisha yake yote, faranga ilikuwa fedha nafuu na marki ilikuwa fedha ya kuogopa. Hakuwahi kuziweka kadi hizi mbili juu ya meza moja; zilikaa katika droo tofauti, kila moja na foleni yake, kama watu wa mitaa miwili wasiosalimiana. Sasa zililala ubavu kwa ubavu, na ukoga ulikuwa nafuu kuliko sheria. Tena ukoga ungelipiwa mara moja tu. Nyongeza za Profesa alikuwa akizilipia kila mwaka, mwaka wa sita huu, na kwenye karatasi ya kuazimia iliyobandikwa ndani ya jalada hapakuwa na mhuri hata mmoja wa mtu aliyeziazima.

Akajaribu kukumbuka ni lini alikaa akaamua kwamba sheria itangulie. Hakuikumbuka siku hiyo, kwa kuwa haikuwapo. Alichokumbuka ni sauti ya Profesa Abrunhosa kwenye ngazi, ikitangulia kufika kabla ya viatu vyake.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi hakugusa penseli. Alijaza fomu ya kuagiza, akaipeleka juu kwa Mkurugenzi yeye mwenyewe. Bwana Teodósio alisoma, akainua nyusi, akatia sahihi.

Wiki ya kabla ya Krismasi wafanyakazi walikutana katika chumba cha chini kukata keki ya wafalme. Ndani ya keki hufichwa punje moja ya maharage, na atakayeipata ndiye mnunuzi wa keki ya mwaka ujao. Walikuwa bado wanatafuna kwa tahadhari pale sauti iliposikika ngazini.

"Dona Felismina! Nyongeza zangu zimeshaagizwa, au watu hapa mnakula tu?"

"Karibu keki, Profesa," alisema Graça.

"Sikuja kwa keki."

Dona Felismina aliweka sahani mezani.

"Hapana, Profesa. Mwaka huu hatuzinunui."

Watu waliacha kutafuna. Profesa alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza.

"Faranga imepanda?"

Njia ilikuwa wazi mbele yake, laini, imekwisha kufagiliwa. Angeitikia tu kwa kichwa.

"Haijapanda. Nimechagua kitabu kingine."

"Kipi hicho?"

"Cha ukoga."

"Ukoga!"

"Ule wa juu ya mawe."

"Nitakwenda kwa Mkurugenzi!"

"Yuko ofisini, Profesa. Mlango hajaufunga."

Viatu vilipanda ngazi kwa kishindo. Graça alitafuna tena, akashika shavu, akatema kitu kiganjani. "Mungu wangu, punje! Na mwakani watanidai kwa yuro!" Kicheko kikalipuka chumbani. Dona Felismina alicheka pamoja nao, mpaka akalazimika kuketi.

Alhamisi ya kwanza ya Januari iliangukia tarehe tatu. Mwalimu Ludovina alishuka akiwa na sarafu mpya kiganjani, akazimimina mezani ili Felismina amtambulishe ipi ni ipi, kwa kuwa kwa jicho lake moja zote zilifanana. Walizipanga pamoja, ndogo hadi kubwa. Kisha Felismina akamsogezea karatasi.

"Kimeagizwa, Mwalimu. Wakala wa vitabu amejibu kwamba kitafika Februari. Yote manne."

Mwalimu aliinua kioo chake, akaisoma karatasi mstari kwa mstari mpaka kwenye mhuri. Hakushukuru. Aliiweka karatasi mezani, kando ya sarafu.

"Ninalo swali moja tu, mwanangu. Magazeti nami nasoma. Marki haikutikisika miaka mitatu hii, na kila mwezi umekuwa ukiniambia iko juu. Kwa nini hukukinunua?"

"Kwa sababu wewe hukunipigia kelele, Mwalimu."