Kompyuta ya kumi na moja ya fundi Pengwini

Saa tatu na robo asubuhi, fundi amekwisha kuvua viatu. Wenzake wanasema hiyo ni dalili mbaya. Akivua viatu chini ya meza, jua kuna kompyuta mahali inamsumbua roho.

Chumba chake kiko chini ya ngazi, zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Kila anayepanda ghorofani anapita juu ya kichwa chake. Wenzake wanamwita Pengwini, kwa ajili ya yule ndege wa nembo ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta anaouhudumia kwa mwaka wa tisa sasa. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu.

"Kazi yangu ni kuwafungulia watu mlango," anamwambia mwandishi wa habari hii aliyeketi kando yake, macho kwenye skrini. "VPN ni kama mlango wa uani. Mtu yuko kwake, anapita humo anaingia ofisini bila mpita njia kumchungulia. Programu ikigoma kwenye kompyuta yake, siku hiyo hana kazi."

Leo mambo ni mazito zaidi. Ofisi hii, inayoingiza fomu za karatasi kwenye kompyuta, imenunua VPN mpya. Tangazo limetoka: asiyeonekana humo ifikapo saa sita mchana atahesabiwa ameacha kazi. Wafanyakazi kumi na mmoja wanatumia Linux, kwenye kompyuta kuukuu walizogawiwa na ofisi hiyohiyo, na programu mpya haizitaki kompyuta kuukuu. Aliyeinunua hakai chini ya ngazi.

Kwa wiki mbili fundi amewaingiza kumi. Aliyebaki ni shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa.

Kaka huyo alipatwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita. Hasemi, wala hawezi kujigeuza. Mkewe anamgeuza kila baada ya saa mbili, na katikati anaingiza fomu. Kazi hiyo fundi ndiye aliyemtafutia.

"Wote mle ndani wanakula kwa mikono yake," anasema. "Akiikosa hii, nyingine ya kufanyia pembeni ya kitanda ataitoa wapi?"

Ameingia kwenye kompyuta ya shemeji yake kutoka hapahapa, kwa intaneti. Programu ya VPN inadai kifurushi kipya, yaani programu ndogo ya kuisaidia, na kifurushi hicho hakielewani na vya zamani. Kompyuta inamworodheshea programu saba itakazoziondoa ili kukipisha, kisha inauliza kama iendelee.

Anasoma tatu za kwanza, anakubali.

Skrini inaganda. Anabonyeza mara mbili, mara tatu. Kisha anajishika kichwa.

Ya tano katika orodha ile ilikuwa programu inayoiunganisha kompyuta na intaneti. Ameiondoa kwa mkono wake mwenyewe akiwa ndani, na njia aliyoingilia imekatika palepale. Mafundi wa kompyuta za mbali wanaujua mtego huu. Yeye mwenyewe huwaimbia wageni kazini kila siku: soma orodha mpaka chini.

Anapiga simu.

"Shemeji, nimekuharibia."

"Hata salamu hakuna leo? Umeniharibia nini?"

"Nimekukatia intaneti. Sikusoma vizuri. Chukua flashi, nenda pale wanapochapa, nitawatumia faili za kuirudisha."

"Na kaka yako nimwache na nani?"

"Mwombe jirani."

"Jirani katoka tangu asubuhi." Anavuta pumzi. "Haya. Nimgeuze kwanza, ndiyo nitoke."

Shemeji anarudi kwenye simu saa tano na dakika ishirini na tano, anahema.

"Nimemkuta kateleza, nusu yake iko chini. Nimemrudisha. Tuendelee."

Fundi anaanza kumtajia amri za kuandika kwenye kompyuta, herufi kwa herufi. "Sasa weka kile kistari cha kulala."

"Shemeji, hapa kila kitu kimelala isipokuwa mimi."

Anacheka kidogo, fundi naye anacheka, machozi yakimlengalenga. Mara mbili shemeji anaruka herufi, wanaanza upya. Mara moja anaomba asubiriwe, mgonjwa anakohoa. Dakika nne nzima fundi anaitazama saa ya ukutani na hakuna la kufanya.

Saa sita na dakika tisa, intaneti imerudi na programu ya VPN inakubali.

"Nimeingia, shemeji. Alama ya kijani hii hapa." Kisha sauti inapungua. "Mbona inasema hainitambui?"

Fundi ameshaona kwenye skrini yake. Saa sita kamili mfumo wa ofisi wenyewe ulilifuta jina la shemeji yake, bila mtu yeyote kunyanyuka kwenye kiti.

"Ngoja kidogo," anasema.

"Nangoja."

Anaiweka simu mezani bila kuikata, anaanza kumwandikia mkuu wake barua: kosa ni langu, si la mfanyakazi huyu, kama lazima mtu aondoke, niondoeni mimi, yeye mrudisheni. Ndiyo mpango wake wote. Mwandishi anamuuliza kama watakubali.

"Sidhani," anajibu. "Lakini nitawaambia nini watu wale wawili?"

Kwenye simu shemeji anasikika akimwambia mumewe atulie, mdogo wake yuko kazini anarekebisha, sasa hivi wataendelea na fomu.