Namba Kumi na Nne

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka mtaani kwetu Nyamirambo kwenda mjini, kwangu ni safari ya kuaga watu. Ndiyo maana shangazi, aliyenilea, aliposikia nimepata kazi ya kufungasha dawa kiwandani, alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa kochi tumwachie nani?"

Kiwandani kulikuwa na meza tatu. Ya kwanza ilifungasha vidonge vya Ulaya, ya pili vya nchi zinazotuma wakaguzi mara mojamoja, ya tatu vya kwetu na majirani. Nilikuwa meza ya tatu. Hata sekondari sikuwahi kukaa mbele. Kila mfungashaji aligonga namba yake ndani ya mfuniko wa boksi. Yangu ilikuwa kumi na nne, na kwa shangazi nilijisifia kama cheo.

Siku moja mzigo wa dawa ya kifafa ulirudishwa kutoka meza ya kwanza. Maabara walikuwa wameviweka vidonge majini, vikakaa kama kokoto bila kuyeyuka. Msimamizi akatuambia tuvitoe kwenye maboksi ya Ulaya, tuvitie kwenye yetu.

"Si vimekataliwa?" nikauliza.

"Vimekataliwa kule. Wale wanauliza maswali. Wa huku umewahi kuwasikia wakiuliza?"

Mimi ni wa huku, na swali langu lilikuwa limeishia hapo. Nikagonga kumi na nne hadi jioni.

Shangazi ana kifafa. Kwa dawa alikuwa amekaa muda mrefu bila kuanguka. Mwezi uliofuata nilimkuta mlangoni akimfunulia jirani yetu, fundi cherehani, mfuniko wa boksi jipya la dawa yake.

"Namba hii iko ya mwanangu. Yule mvivu, si unamjua?"

Ningesema palepale. Nikasema nina njaa.

Wiki ileile alianguka juu ya jiko la mkaa. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta kitandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Usiwaambie kazini kwenu," akaninong'oneza. "Watakufukuza bure. Labda nilisahau kumeza."

"Shangazi, ile dawa..."

"Ile dawa iko yako. Itakuwaje mbaya?"

Akachukua kidonge kwa mkono uliobaki, akakitia mdomoni nikimwangalia, nione kwamba leo hajasahau. Kikombe cha maji nilimshikia mimi.