Chini ya Mbao ya Chukudu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimekimbia vita na sufuria kichwani, nimeona volkano ikimeza nyumba yangu mtaani Mapendo, nikajenga nyingine juu ya mawe yaleyale. Shule niliacha darasa la pili la primaire. Lakini uliza Goma nzima nani hutengeneza chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ibebe magunia bila kulia. Watakutajia jina langu.

Siku ile nilikuwa nachonga gurudumu. Wasukumaji walibishana juu ya bei ya viazi vya kutoka Kiwanja. Binti yangu Kavira, mwanafunzi wa chuo, alinicheka: "Papa, hata kofia yako inanuka mawese!"

Kabla ya jioni waasi walikuwa mjini. Redio zikanyamaza. Aliyekutwa na karatasi yenye habari za mji alichukuliwa, na nyumbani kwake hawakumwona tena.

Sasa, musukumaji akishusha mzigo sokoni huipindua chukudu yake ili apake magurudumu mafuta. Ni desturi, watu husimama pale wakipiga soga. Kavira na wenzake waliona nilichokosa kuona mimi, fundi mkubwa: mbao iliyopinduliwa inasomeka. Wakaandika kwa makaa chini ya chukudu zangu: nani amekamatwa, nani amezikwa wapi, siku gani maduka yasifunguliwe. Habari zilivuka kizuizi cha waasi pale Munigi chini ya viazi, askari wenyewe wakisaidia kusukuma.

Hadi chukudu moja ilipopinduka palepale kizuizini.

Askari wakaja karakanani.

"Muzee, ni nani anaandika hapa?"

"Ni miye," nikasema. "Mbao ni yangu, maneno ni yangu."

Mkubwa wao akanitia kaa la kuandikia mkononi. "Basi andika, patron. Tuone."

Nikapiga magoti. Nikaandika jina langu. Nikaandika bei ya chukudu. Mengine sikuyajua.

Wakacheka. "Ona mwandishi wa Goma!"

Kavira akatoka nyuma ya rundo la mbao. "Muache papa. Hajue kuandika. Ni miye."

Alichukua kaa mkononi mwangu. Chini ya bei yangu akaandika majina ya wenzake waliokamatwa, moja chini ya lingine, polepole.

Wakamchukua.

Walisema nilete pesa kambini ili wamwachie. Niliuza karakana, misumeno, mbao zote. Nikapeleka dola zote walizotaja. Wakanirudishia mwanangu ndani ya turubai.

Kuandika nilijifunza baadaye, parokiani, pamoja na wamama wa sokoni. Leo wakubwa wakifunga redio au kukata mtandao, vijana hunijia kuuliza ilikuwaje. Nawaambia habari haizibiki, itatafuta mbao nyingine. Ila siwadanganyi kwamba ni ya bure. Kuna mutu huilipa. Na kwa kuwa mimi ni mutu wa biashara, bei naitaja yote, siongezi wala sipunguzi: dola elfu moja mia nane na arobaini, na kumi za turubai.