Mkwe Wangu na Sanduku la Kishindo

Mkwe wangu ni mtu mzuri, nisije nikasemwa. Hanywi, hapigi, na binti yangu amemzalia watoto wawili wenye afya. Kasoro yake ni moja tu, nayo imejaa buti zima la gari: sanduku la spika, na juu yake amplifaya, ile mashine ya kuupa muziki nguvu, pana kama sinia. Mtaani wanamwita Kishindo. Yeye anadhani ni sifa.

Kazi yake ni kupeleka watoto sita chekechea kila asubuhi. Jioni analiosha gari uani, maana tunakaa nyumba moja, injini imezimwa, muziki umefunguliwa mpaka masufuria yangu yanatembea. Ufunguo anauzungusha kidoleni, majirani waone kwamba muziki unalia na ufunguo uko nje. Siku sanduku lilipofungwa nilikuwapo, nakunja nguo. Fundi redio alimshauri, "Huu waya tuupitishe kwenye swichi, ukizima gari nao ulale." Mkwe wangu akajibu, "Nifungie kwenye betri moja kwa moja. Muziki wangu hauombi ruhusa kwa ufunguo."

Haya. Muziki haukuomba. Gari ndilo lililoanza kuomba.

Asubuhi unasikia tk, tk, kisha kimya cha msibani. Anapiga usukani, anafungua boneti, anaitazama injini kama mimi ninavyotazama barua ya serikali, na mimi shule niliiacha darasa la pili. Halafu anaita watu. Muuza maziwa, fundi cherehani na binti yangu na kanga yake kiunoni, wote nyuma ya gari. Yeye yuko ndani anapiga kelele, "Sukumeni! Mmekula kweli nyie?" Ukimtazama jasho utadhani ndiye anayesukuma.

Lawama hazikukosa pa kukaa. Mara betri mbovu, akabadilisha. Mara baridi. Mara jirani ana kijicho, kana kwamba kuna mtu atakayelionea kijicho gari la kusukumwa. Shule ilimvumilia mara mbili. Ya tatu ilikuwa Ijumaa, na mwalimu mkuu, mama wa maneno machache, alimngoja getini.

"Baba, nimekustahi vya kutosha. Jumatatu ukichelewa, usije tena."

Binti yangu alilia jikoni akidhani sisikii. Kazi ile ndiyo inayowasha jiko letu.

Jumapili asubuhi mkwe akarudisha betri kutoka kuchajiwa, akaifunga, akajaribu wimbo mmoja, akazima, akaondoka kwa miguu. Ufunguo akautundika msumarini sebuleni. Alasiri nikamtafuta paka wangu. Nikamkuta ndani ya gari, ameingilia dirisha la nyuma lisilofungika, amejikunja juu ya amplifaya. Ndipo nikakumbuka kwamba mwezi mzima paka huyu hajalala miguuni pangu. Nikaweka kiganja juu ya ile mashine. Ina joto.

Mimi nimekuwa dobi miaka thelathini na mmoja. Kiganja changu kinajua pasi iliyozimwa na pasi iliyosahauliwa.

Aliporudi nikamwambia, "Baba, mashine yako hailali. Inakunywa betri usiku kucha."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, ile si pasi! Ile ni teknolojia. Redio nimezima mwenyewe."

"Redio umezima. Hiyo nyingine je?"

"Nani kakwambia?"

"Paka."

"Mama Watoto!" akamwita binti yangu. "Njoo usikie, mama yako ana fundi mpya, ana mkia!"

Akaenda kuoga huku anacheka. Nikafungua boneti. Siku ile ya kufunga sanduku nilimwona fundi, alipotaka kelele ziishe, akichomoa fyuzi ya kioo kwenye waya mwekundu karibu na betri. Nami nikaichomoa, nikaifunga pindoni mwa kanga yangu.

Jumatatu gari liliwaka mara moja. Alifika shuleni geti halijafunguliwa, mlinzi akamuuliza kama amelala hapo. Muziki tu ndio ulikuwa bubu. Kurudi akautangazia mtaa mzima: "Nimesafisha vichwa vya betri kwa mkono wangu! Mambo ya ufundi haya, si ya kila mtu." Mpaka alipompelekea fundi redio sanduku lililo kimya, akaambiwa fyuzi haipo.

Akaja amenuna. "Mama, umeiona fyuzi yangu?"

"Ninayo."

"Nipe basi."

"Mrudie fundi, umwambie waya upitie kwenye swichi kama alivyokushauri. Akishamaliza, njoo uchukue. Na ukinunua nyingine, nayo nitaichomoa."

"Mbele ya vijana wake wote pale? Nimwambie nilikosea?"

"Mdomo si unao? Si ndio uliotumia siku ile?"

Akaondoka. Huu ni mwezi wa tatu tangu hapo. Gari linawaka kila asubuhi, muuza maziwa amepumzisha mgongo, na mwalimu mkuu amemwongezea watoto wawili. Paka amerudi miguuni pangu.

Jioni mkwe bado anaosha gari, ufunguo kidoleni, na mdundo anaupiga kwa mdomo: dum, dum, dum. Akinipitia anaangalia pindo la kanga yangu, kisha anaangalia ndoo. Fyuzi iko palepale, na mimi sina haraka.