Kitambaa Kwenye Kidole

Kazi ya kuosha maiti nilifundishwa na mama yangu mkubwa, huko Tanga, kabla sijaolewa. Jambo la kwanza aliloniambia halikuwa la maji wala la kafuri. Alisema: "Ukitoka humu, ulichokiona umekisahau." Mwosha maiti ni msitiri. Akiona donda, kovu au alama ya aibu, anafunika na kunyamaza, naye hutaraji kufunikwa na Mola wake siku ya hukumu. Nimeishi na fundisho hilo maisha yangu yote, na ndilo lililoniingiza katika haya ninayoyaandika.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa nakaa Hyattsville, Marekani, kwa binti yangu, aliyekuwa akihudumia wagonjwa hospitalini. Waislamu wa kwetu walikuwa bado wachache, na kwa wanawake mwenye kujua kuosha nilikuwa mimi. Mwanamke akifa, simu ililia kwetu. Tulikuwa tukioshea katika chumba cha chini cha nyumba moja ya maziko, juu ya meza ya bati yenye mfereji pembeni.

Siku moja niliitwa kwa ajili ya bibi wa miaka themanini na kitu, aliyefia Manassas katika nyumba ya kulelea wazee. Haikuwa hospitali. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye maua mbele, wazee sita ndani, na mhudumu mmoja wa kwetu, mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyejua kupika uji na kuwawekea wazee kaseti za Kurani. Yeye ndiye aliyenipigia simu, na sanda alileta yeye. Msaidizi wangu alipokosa kutokea, alikunja mikono ya gauni akasema, "Bibi, mimi nitamimina maji, wewe niambie tu."

Alimimina vizuri, kopo kwa kopo, kulia kisha kushoto, huku analia bila sauti.

Tukafika kwenye meno. Maiti haingizwi maji kinywani. Mwosha anajiviringishia kitambaa kibichi kidoleni, anafuta meno na fizi taratibu. Daktari anayeandika cheti cha kifo hafanyi hivyo. Nilipoinua mdomo wa juu, niliona kwa ndani umevilia damu, na kale kanyama kembamba kanakoushika mdomo na ufizi kamekatika. Nikanyanyua macho. Mhudumu alikuwa ananitazama.

"Ni meno ya bandia hayo, bibi," akasema. "Yalikuwa yakimuumiza mno."

"Funika, mwanangu. Hapa hatusemi tulichokiona."

"Hata kwa watoto wake?"

"Hata kwa watoto wake."

"Alhamdulillahi," akasema, akamimina tena.

Nilirudi nyumbani nikimsifu. Nilimsifu kwa kila mtu. Wakati huo shoga yangu, tuliyesoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, alikuwa amepigwa na kiharusi, na upande wake wa kushoto umekufa. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa ubalozi, hana mtu wa kukaa na mama yake mchana. Akaniuliza, "Mama, nimpeleke wapi?" Nikamwambia Manassas. Siku ya kumpeleka nilikwenda nao, na kitanda cha dirishani nilimchagulia mimi.

Miezi minne baadaye akafa bibi mwingine wa nyumba ile ile. Huyu alikuwa kibogoyo, hana jino wala meno ya bandia. Nilipopitisha kitambaa, nilikuta mdomo umevilia vile vile na kale kanyama kamekatika vile vile. Na ndani ya kope zake mlikuwa na vidoadoa vyekundu, kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano. Aliyenishikia kopo ni mhudumu yule yule. Safari hii hakusema neno, wala mimi sikusema. Nilirudi nyumbani nikaswali, nikajiambia nimemsitiri Mwislamu mwenzangu. Mzee wa umri wangu hana sababu ya kudanganya: nilijua. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba chumbani mna nyoka kabla hajamwona.

Mpelelezi alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa polisi wa ule mji mdogo wa Manassas, Mmarekani mweusi, mnene, koti lake limepauka kwenye viwiko. Alikataa chai, kisha akanywa vikombe vitatu. Binti yangu alitafsiri.

Alisema wazee watano wamekufa katika nyumba ile ndani ya mwaka mmoja na nusu, kila mmoja siku ambayo mwenye nyumba hayupo na mhudumu amebaki peke yake. Watatu miili yao ilichomwa, kwa chaguo la jamaa zao, na majivu hayachunguziki. Wawili walizikwa upesi kwa desturi yetu, na mwosha wao nilikuwa mimi.

"Nadhani anawaziba pumzi kwa mto," akasema. "Wenzangu kazini wananicheka. Wanasema wazee kazi yao ni kufa. Juzi nimekuta mto juu ya meza yangu, wameufunga pingu."

Hakucheka. Akafungua daftari. "Jaji haniruhusu kufukua kaburi kwa kubahatisha. Nataka mtu aliyeiona miili. Uliona nini?"

Nikamwambia sheria ya kazi yangu hainiruhusu kusema.

"Mama!" Binti yangu aliacha kutafsiri. "Shoga yako yumo mle!"

"Ijumaa nitamuuliza imamu."

"Ijumaa? Si umpigie simu sasa hivi?"

"Jambo la dini haliulizwi kwenye simu kama bei ya nyanya."

Mpelelezi akauliza nimesema nini, akaambiwa. Akafunga daftari. "Mwambie mama yako," akasema, "yule mwanamke haombi ruhusa kwa mtu."

Nilikasirika. Niliona amenidharau mimi na elimu yangu.

Alhamisi nikapiga simu Manassas. Mhudumu akapokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe shoga yangu."

Akamwekea simu sikioni. Kinywa cha shoga yangu kilikuwa kimepinda, ila utani ulikuwa pale pale. "Mchawi we! Umenitupa huku, wananinywesha maji ya kuoshea vikombe wanasema chai."

"Jumamosi nakuja na chapati."

"Ukija mikono mitupu sikufungulii mlango."

"Utafungua na nini, nawe kitanda hushuki?"

Akacheka kwa upande mmoja wa kinywa. Ningeweza kumwambia mwanawe aende akamtoe siku ile ile. Lakini angeniuliza sababu, na sababu ilikuwa ndani ya midomo ya wale wawili. Nikangoja.

Ijumaa, baada ya sala, nilimweleza imamu. Alikuwa kijana wa rika la binti yangu. Jibu lake lilichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. "Mama, tunayoisitiri ni aibu ya maiti. Hii ni haki yake. Ukiificha, unayemsitiri ni muuaji. Umelijua hili tangu lini?"

Nikamwambia. Akainamisha kichwa. "Ungenipigia simu."

Binti yangu aliendesha kuelekea Manassas. Barabara ilikuwa imejaa magari ya watu wanaotoka kazini, tukasogea hatua kwa hatua, mimi na tasbihi yangu. Tulipofika, gari la polisi lilikuwa mbele ya yale maua. Mpelelezi alikuwa amekaa kwenye ngazi. Mwenye nyumba, aliyekuwa ameachiwa namba yake ya simu, ndiye aliyemwita. Shoga yangu alikuwa amekufa baada ya kifungua kinywa.

Nikamwambia binti yangu amwambie kwamba sasa nitasema.

Mpelelezi hakusimama. "Huyu hajazikwa bado," akasema. "Madaktari watamwangalia wenyewe."

Nilimwosha siku ya nne, alipotoka kwa madaktari. Walikuwa wamempasua kutoka mabegani hadi chini ya kitovu, wakamshona kwa uzi mnene, mishono mirefu mirefu kama ya gunia. Maji yalikuwa yakiingia katika mshono na kutoka. Nikasuka nywele zake. Nikajiviringishia kitambaa kidoleni. Sikuwa na haja ya kuinua mdomo, maana ripoti ilikwisha andikwa. Niliuinua.

Yale makaburi mawili yakafukuliwa kwa maneno yangu. Mhudumu alipobanwa alikiri, na mpelelezi akaja kunisomea kipande cha maelezo yake. Aliulizwa kwa nini hakuogopa kuniita mara ya pili, baada ya mimi kuuona mdomo wa yule wa kwanza. Alijibu: "Yule bibi ana dini. Hasemi."

Baadaye alikana yote, ikawa lazima kesi isikilizwe. Watu huniambia nishukuru kwamba wazee waliobaki katika nyumba ile walihamishwa salama. Ninashukuru. Kila sala ninashukuru, na mimi ni mtu wa subira, lakini shukrani hiyo naimeza kama dawa.

Siku ya ushahidi nilipitishwa karibu na meza yake. Alikuwa amejitanda mtandio safi. Akainuka kidogo kwa adabu ile ile ya siku zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Kinywa kilichongoja siku tatu kupata ruhusa ya kumwokoa mtu hakikungoja hata pumzi moja kumwitikia muuaji wake. Jaji akamuuliza mkalimani tumesemezana nini, mkalimani akaanza kueleza kwamba ni salamu ya heshima, mdogo kwa mkubwa.

Mwana wa shoga yangu alikuwa safu ya pili. Hakuhitaji kutafsiriwa. Alichukua kofia yake, akatoka, na hajanisemesha mpaka leo.

Nikaapishwa. Nikasema yote niliyoyaona, neno kwa neno, nikikitazama kiti alichokiacha kitupu.